Basi la shule la mwanangu: huduma niliyoikimbia na hii niliyonayo sasa

Mwanangu yuko darasa la pili, tunaishi Kinyerezi, na tangu aanze chekechea anapanda gari la shule asubuhi na jioni. Ametumia huduma mbili. Hii ya sasa ndiyo nataka kuisema, lakini nisipoanza na ile ya kwanza mtashangaa kwa nini nasifia vitu vidogo vidogo.

Gari la kwanza lilikuwa Hiace, njano kama sheria inavyotaka, limeandikwa pembeni vizuri, linang'aa. Nilipoliona tu niliridhika. Sikupanda ndani kuangalia. Siti ya watu watatu walikaa watoto watano, wadogo wamepakatwa na wa darasa la sita. Matroni hakuwepo, dereva huyohuyo ndiye aliyefungua mlango, akapokea mabegi, akarudi kwenye usukani. Mwanangu alinieleza haya muda mrefu baadaye, kwa sababu kwake yeye ndivyo magari ya shule yalivyo.

Siku moja, kama saa tatu na nusu asubuhi, nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. "Mama, samahani, mimi fundi, niko gereji hapa Tabata. Kuna mtoto hapa, namba yako nimeikuta kwenye jalada la daftari lake." Nilipanda bodaboda hata mlango wa nyumba sikufunga. Nikamkuta amekaa juu ya tairi kuukuu, kiatu kimoja mguuni, shati limelowa jasho chapachapa, ameshika chupa ya maji aliyonunuliwa na yule fundi. Alikuwa amesinzia siti ya nyuma. Wenzake wakashuka shuleni, dereva hakugeuka kutazama, akalipeleka gari kwa fundi, akapandisha vioo na kuondoka kwenda kunywa chai. Fundi alikuwa chini ya gari la jirani ndipo akasikia mtoto analia. Mnalijua joto la Dar la saa tatu ndani ya gari lililofungwa. Kila nikimkumbuka yule kijana wa gereji namwombea.

Shuleni nikaambiwa, "Mama, si ameshapatikana? Tumshukuru Mungu." Namshukuru Mungu, lakini nilitaka kujua kwa nini mwalimu wa darasa aliita majina, akaona mtoto hayupo, na asinipigie simu. Sikujibiwa. Kwenye kundi la wazazi la WhatsApp wakaongea wawili tu. Wengine walinifuata pembeni: dada, hata wetu anabanwa humo, lakini ukisema sana mtoto atachukiwa. Woga huo nauelewa, maana hata mimi usiku ule nilijiuliza kama ninyamaze.

Nilipiga simu LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Wazazi wengi tunadhani kazi yao ni nauli za daladala na mabasi ya mikoani tu, kumbe gari linalobeba wanafunzi kwa malipo nalo linahitaji leseni yao, na kuipata lazima gari likaguliwe kwanza. Aliyepokea alikuwa mtaratibu. Hakutaka hadithi ndefu: namba za gari, tarehe, saa, linapita njia gani, kilichotokea. Namba za gari nilikuwa nazo kwa bahati tu, zilionekana kwenye picha niliyompiga mtoto siku yake ya kwanza ya shule. Leo namba za gari, ya simu ya dereva na ya matroni nimezibandika mlangoni mwa friji.

Siku chache baadaye trafiki walilisimamisha gari lile. Tairi mbili za nyuma zilikuwa kipara. Mlango wa dharura ulikuwa umefungwa kwa waya. Kwenye njia ya katikati, ambapo mtoto angepita kukimbia moto, palichomelewa siti ya ziada. Dereva ana leseni daraja D, ya gari dogo la mtu binafsi, na anabeba watoto wa watu kila siku. Wakazing'oa namba za gari palepale. Kuna wazazi waliniona mbaya kwa sababu asubuhi yake watoto wao walikosa usafiri, na nawapa pole kwa usumbufu. Ila ule waya ningeufunguaje mimi, gari likiwa limepinduka?

Sasa hii huduma ya pili. Ni Coaster, inaendeshwa na mtu binafsi aliyeingia mkataba na shule. Kabla sijalipa niliomba kuliona gari Jumamosi, nikaenda na mume wangu, tukapanda ndani. Msimamizi hakuona kero. Alitoa faili: leseni ya LATRA haijaisha muda, bima, karatasi ya ukaguzi wa polisi, na leseni ya dereva, daraja C1, inayoruhusu kuendesha gari la abiria wasiofika 30. Mume wangu alishuka akapapasa tairi moja baada ya jingine. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dharura, nikauvuta, ukafunguka. Mtungi wa kuzimia moto upo, nikasoma tarehe yake.

Nikamuuliza dereva, mzee wa makamo, "Shikamoo baba, mvua kubwa ikinyesha na maji yakajaa barabarani, unafanyaje?" Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Nasimama, napiga simu kwa wazazi. Maji sipiti hata kama mwenye gari ananigombeza." Jibu hilo ndilo lililonifanya nilipe. Asubuhi ya tarehe 12 Aprili 2024 kule Arusha gari la shule lilisombwa na mafuriko likiwa na watoto ndani, na huku kwetu mto Msimbazi hauko mbali. Wala hatujasahau ajali ya basi la shule kule Karatu, tarehe 6 Mei 2017: walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva, wote siku moja, wakiwa njiani kwenda kufanya mtihani wa kujipima.

Lakini ninachokipenda kuliko vyote ni anachofanya matroni wakifika shuleni. Ana daftari lenye majina, anaweka alama mtoto akipanda na akishuka. Wote wakishashuka anarudi ndani, anatembea hadi siti ya mwisho, anainama chini ya viti, anashika kila siti kwa mkono huku akihesabu kwa sauti. Dereva haondoki mpaka dada huyu amalize. Nimelifuata gari mara tatu bila kuwaambia nikashuhudia, na mara zote tatu alifika siti ya mwisho. Kisha unaingia ujumbe: wote 24 wameingia. Mtoto asipokuwepo kituoni na mzazi hajatoa taarifa, simu inapigwa papo hapo. Jioni hamwachii mtoto avuke barabara peke yake. Anashuka naye, anamshika mkono, anamkabidhi kwa mtu anayemjua. Siku shemeji yangu alipokwenda kumpokea bila mimi kusema, walimkatalia mpaka nilipoongea na matroni kwenye simu. Shemeji alikasirika. Mimi nilifurahi sana.

Mapungufu yapo. Mikanda iko siti za mbele tu, na nimeshalisema kwenye kikao cha wazazi mara mbili. Ada ni kubwa kuliko ile ya kwanza na kwa mwenye watoto watatu ni mzigo kweli. Namba ya kupeleka malalamiko nayo ni ya mwenye gari mwenyewe. Ningependa shule iwe na mtu wake, maana si kila jambo mzazi anaweza kumwambia anayelalamikiwa. Na yapo mambo ambayo si ya mwenye gari wala ya LATRA kabisa. Mtoto akisema ameguswa vibaya au anatishwa ndani ya gari, nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au piga 116, simu ya watoto, haina gharama.

Kinachoniuma zaidi ni muda. Gari linafika kwetu saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, mtoto wa miaka minane anaamshwa saa kumi na nusu. Ndiyo maana wanasinzia. Sisi wazazi kumi na mmoja tumewaandikia barua wenye huduma, tukiomba njia igawanywe kwa magari mawili ili wa Kinyerezi wachukuliwe saa kumi na mbili kasoro. Msimamizi amesema atatujibu kabla ya muhula wa Januari. Nikipata jibu nitarudi kuandika hapahapa.