Asidi za nyongo: keno au urso?
Asidi hizi mbili, ambazo hutumika pia kama dawa, zinatofautiana kwa kitu kidogo mno: kundi la haidroksili (oksijeni na hidrojeni) kwenye kaboni ya 7 limeelekea upande mwingine. Utando wa seli ya ini, hata hivyo, huona tofauti kubwa. Keno (asidi ya kenodeoksikoliki) hupenda mafuta. Ikirundikana huyeyusha lipidi (mafuta) za utando kama sabuni, na vimeng'enya vya ini hupanda kwenye damu, dalili kwamba ini linaumia. Urso (asidi ya ursodeoksikoliki) hupenda maji, haichokozi utando, tena huchochea seli zimwage nyongo zaidi. Kuharisha? Mkorofi ni keno.

Basi urso imeshinda? Taratibu. Aliyerithi zanthoma za ubongo na kano (ugonjwa wa mafuta kurundikana humo) anahitaji keno, maana ndiyo inayozuia ini kutengeneza kolestanoli, mafuta yanayofanana na kolesteroli, urso haiwezi. Ambaye vijia vyake vya nyongo vinaharibiwa na kinga ya mwili huanzishiwa urso, miligramu 13–15 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kila siku.