Darasa la uhakika wa wokovu pale Sinza, linafaa au la?

Haya wapendwa, darasa nimemaliza na kuna watu niliwaahidi nitawaambia lilikuwaje, kwa hiyo ndo hivi. Jina la kanisa silitaji maana nina ya kulalamika humu ndani, anayetaka lokesheni aje inboksi. Niseme tu ni Sinza hapa Dar, unashuka Mori unatembea kidogo, kanisa la kipentekoste la saizi ya kati, feni za ukutani, viti vya plastiki. Ni jioni baada ya kazi, ni bure, unachonunua ni kijitabu tu buku tatu, na sio lazima uwe muumini wao, mimi ni Mlutheri wa KKKT na hakuna aliyenisumbua nihame.

Kwa nini nililitafuta? Mji huu ukiwa na hofu kuna soko zima linakusubiri. Mafuta ya upako, maji, chumvi, vitambaa, stika ya kubandika mlangoni, nimeona kwa macho yangu kichupa kidogo cha mafuta kinauzwa elfu kumi na watu wamepanga foleni hadi nje. Yakiisha unarudi, ndo biashara ilivyo, mtu mwenye uhakika hanunui kichupa cha pili. Mimi nilitaka mtu anikalishe chini anifundishe, kama Kristo kweli ameniokoa nitajuaje, na hofu hii ya usiku naipeleka wapi, bila kuniuzia kitu.

Kwa hilo wamelitendea haki aisee.

Mwalimu ni mzee mmoja mstaafu, anaongea taratibu utadhani anasoma taarifa ya habari, na hakuanza na maombi ya kelele. Aliuliza tu, nani hapa ameongozwa sala ya toba zaidi ya mara moja? Tukatazamana. Kaka mmoja wa boda, bado ana reflekta yake kifuani, akanyoosha mkono akasema mwalimu mimi kila Jumapili, mchungaji akiita napita mbele, maana wiki nzima barabarani sijui nimetukanana na wangapi. Watu wakacheka ila mikono ikaanza kupanda mmoja mmoja, mpaka wanakwaya, mpaka mama mmoja mtu mzima pale mbele ambaye wote tulimpa shikamoo tukidhani yeye mambo yake yalishanyooka zamani. Mzee akamgeukia yule wa boda, "Mwanangu, Jumapili iliyopita ulipomwomba Yesu akupokee, alikukatalia?" Hapana mwalimu. "Sasa wiki hii unaomba tena kwa sababu yeye hakusikia, au wewe ndo hujaamini kwamba alisikia?" Jamaa akajikuna kichwa akasema hapo umenikamata.

Halafu akatofautisha, na hiki kipande nilikipenda kuliko vyote: kutubu kila siku ni sawa kabisa, Sala ya Bwana yenyewe inaomba msamaha palepale inapoomba mkate wa leo, ila mtoto anayemwomba baba yake msamaha hajaacha kuwa mtoto, na kule kupita mbele kila wiki kuomba kuzaliwa upya ni kitu kingine. Niliangalia watu usoni, wengi hawajawahi kuambiwa hivyo na wamekaa kanisani miaka.

Njia yake ni kusoma. Unafungua Biblia, unapiga mstari kwa kalamu, unasoma kwa sauti. 1 Yohana 5:13, kwamba ameandika "ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele". Yohana 10, kondoo hakuna atakayewapokonya mkononi mwake. Warumi 8 mwisho, wala mauti wala uzima, hakuna kitakachotutenga na upendo wa Mungu. Na Warumi 8:16 Roho anayeshuhudia pamoja na roho zetu, hapo alitahadharisha watu wasigeuze ushuhuda wa Roho kuwa msisimko, eti siku umesikia kutetemeka umeokoka, siku hujasikia kitu umepotea. Akatoa mfano wa pantoni ya Kigamboni, kwamba kuna anayepanda anatetemeka ameshika nguzo na kuna anayekula karanga zake, wote wanavushwa na chombo kilekile, hofu ya yule haipunguzi nguvu ya chombo. Mdada mmoja nyuma akadakia, na pantoni ikizima katikati ya maji je mwalimu? Ukumbi ulikufa kwa kicheko, mzee mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani, akasema basi mfano wangu mbovu turudi kwenye Neno.

Jioni nzuri kuliko zote ni ile ya Waebrania 6, wale waliokwisha kupewa nuru wakaanguka. Nilidhani atairuka maana wengi huiruka, yeye akaileta mwenyewe. Na darasani kulikuwa mchanganyiko, walokole, sisi wa KKKT, Waanglikana, na kaka mmoja Mkatoliki ambaye alikuwa amejipanga kwelikweli. Huyu akasema kwao tangu Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu wao, 1547, mafundisho ni kwamba mtu anamtumaini Mungu kabisa ila hawezi kujidai ana uhakika wa imani usio na shaka yoyote kuhusu wokovu wake mwenyewe, labda Mungu amfunulie kwa namna ya pekee. Mzee akamshukuru, akaeleza upande wa pili, kwamba sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Kireformati kule Uholanzi, 1618 mpaka 1619, ilisema Mungu huwahifadhi wateule wake mpaka mwisho, na kwamba Walutheri wanafundisha mtu anaweza kuanguka akaiacha imani, ila aking'ang'ania ahadi na ubatizo wake ana mahali pa kusimama. Hakuwapiganisha. Ila swali la kaka wa RC, kwamba mkishajihakikishia hivyo si mtaishi mnavyotaka, mzee alilijibu kwa kifupi mno, akasema soma Warumi 6, kwamba tulioifia dhambi hatuwezi kuendelea kuishi ndani yake, akaendelea. Hapo nilitaka akae zaidi maana ndo swali ambalo ofisini kwetu linaulizwaga kila siku.

Yule mama wa shikamoo kumbe ni mtu wa Bukoba, wa damu ya ule uamsho wa walokole ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaingia kwetu kupitia huko Kagera. Yeye tarehe ya kuokoka anayo, mwezi na saa. Mimi nikauliza, je sisi tuliobatizwa wachanga, kipaimara tumepata, tarehe hatuna? Mzee akasema leo hii unamtegemea nani, anza hapo. Akanisimulia habari za John Wesley, yule Mwingereza mwanzilishi wa Wamethodisti, alishakuwa kasisi miaka kama kumi na umisionari Marekani ameshaenda akarudi, lakini ni tarehe 24 Mei 1738, kwenye kikao kidogo mtaa wa Aldersgate, London, mtu anasoma utangulizi wa Luther kwenye Waraka kwa Warumi, ndipo akasikia moyo una joto na kwamba dhambi zake yeye zimeondolewa. Nikasema sasa mwalimu huyo si naye ana tarehe! Hapo hakuwa na jibu la haraka, akacheka tu.

Kingine nilichowapa maksi, kulikuwa na binti anarudia sala ya toba mchana kutwa, chakula hali, usingizi hapati, akiona neno baya kwenye bango anaanza upya. Hawakumkemea pepo mbele ya watu. Mama mchungaji alikaa naye pembeni, wakaomba, wakamwambia na hospitali uende, Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na dada mmoja akajitolea kumsindikiza. Kwa mji huu hilo si dogo.

Sasa kero. Saa kumi na moja na nusu maana yake saa moja kasoro, foleni sawa lakini sisi tuliowahi tumekosa nini? Kijitabu ni fotokopi ya fotokopi, ukurasa wa mwisho wangu ulikuwa mweupe peee. Spika inakoroma mwanzo mwisho. Na lile grupu la WhatsApp, Mungu wangu, unaingia kupata ratiba unaletewa matangazo ya viwanja Chanika, na kati ya masomo wakapitisha fomu ya mchango wa ujenzi, hailazimishwi ila mwenyekiti anakuangalia.

Ukiniuliza mimi nne kati ya tano, ile moja nimekata kwa muda na grupu. Kama unatafuta miujiza au wa kukutabiria jina la adui yako usiende, utaboreka. Kama ni mtu unayelala unajiuliza Mungu amekuchoka, nenda. Darasa jipya wanasema linaanza baada ya Pasaka, beba Biblia yako na kalamu, za kuazima hazitoshi, na ujipake dawa ya mbu maana madirisha hayana nyavu.