Torati: hati nne zilizosukwa, au maandishi yaliyoongezwa?

Fungua Mwanzo, habari za gharika. Katika 6:19 Nuhu anaambiwa aingize wanyama wawili wawili. 7:2 inadai saba saba kwa walio safi. Mvua inanyesha siku 40, halafu maji yanatawala siku 150. Anayeamuru mara ni Mungu, mara ni BWANA.

Nadharia ya hati, iliyoenezwa na mtaalamu wa Biblia Julius Wellhausen tangu miaka ya 1870, inasema vitabu vya Musa (Torati) vimesukwa kutokana na hati nne zilizokuwa zikijitegemea: J (inayomwita Mungu kwa jina BWANA, yaani Yahwe), E (inayomwita Elohim, yaani Mungu), D (Kumbukumbu la Torati) na P (ya makuhani). Kwenye gharika hoja hii ina nguvu kweli. Tenganisha nyuzi zake, utapata visa viwili vinavyokaribia kukamilika, kimoja cha J, kingine cha P. Hata ile saba saba inaeleweka: mwandishi wa J anamfanya Nuhu atoe sadaka (8:20), kwa hiyo lazima wanyama wa ziada wawepo. P hana sadaka hapo, wawili wanamtosha.

Nadharia ya nyongeza, ambayo mtaalamu mwingine wa Biblia, John Van Seters, aliihuisha mwaka 1975, inaona maandishi ya awali yakipanuliwa kizazi baada ya kizazi. Kwake, D ni ya kale kuliko J. Hii inanishawishi zaidi penye maelezo mafupi yaliyopachikwa, kama Mwanzo 36:31, panapotaja wafalme wa Edomu "kabla ya kumiliki mfalme yeyote juu ya wana wa Israeli". Aliyeandika hivyo alijua Israeli imeshapata wafalme.

Kwa gharika nabaki na Wellhausen. Ila E kama hati kamili, hapo sioni ushahidi wa kutosha.