Kuhama na watoto Dar: Sinza, Kibada, Kimara au Chanika?

Dalali akikwambia "kodi ya huku iko chini", muulize kodi ipi. Kama ni ya pango la nyumba, sawa, Chanika na Sinza ni mbingu na ardhi. Kama ni kodi ya jengo, anakuuzia maneno. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye LUKU, yaani unaponunua umeme, na tangu 2023 nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Nyumba ya chini ya Sinza inakatwa sawa na ya Chanika. Wala hela hiyo haimleti mwalimu kwenye shule ya jirani yako, maana walimu wa shule za serikali wanaajiriwa na serikali kuu.

Mpangaji aangalie jambo moja. Nyumba ni ya mwenye nyumba lakini tokeni unanunua wewe, kwa hiyo unakatwa wewe. Andikeni kwenye mkataba kwamba 18,000 itapunguzwa kwenye kodi ya pango. Mimi sikuandika. Nilipomkumbusha baba mwenye nyumba alinijibu, "Si umeme wako huo?" Nikanyamaza.

Anayenunua ana hesabu nyingine, pango la ardhi. Hili hutofautiana kwa eneo, ukubwa na matumizi ya kiwanja, na linadaiwa kila mwaka. Muuzaji akuonyeshe stakabadhi za miaka iliyopita kabla hujatoa hata kishika uchumba, vinginevyo unaweza kurithi deni.

Sasa shule. Ada shule za serikali hakuna tangu 2016 hadi kidato cha nne, na 2022 kidato cha tano na sita wakaingizwa. Kinachotofautiana ni msongamano na njia ya kwenda. Fungua tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, tafuta matokeo ya darasa la saba ya shule unayoifikiria. Usikimbilie wastani, tazama kwanza idadi ya watahiniwa. Shule yenye mamia ya watahiniwa wa darasa la saba, jiulize darasa la kwanza wamekaaje. Linganisha miaka mitatu, maana mwaka mmoja unaweza kudanganya.

Mimi naipanga hivi, kwa familia yenye watoto wa msingi na mzazi anayefanya kazi Posta au Kariakoo.

Kwanza, Sinza na Kijitonyama, kwa anayepanga. Vilipimwa miaka ya 1970 kwa mpango wa viwanja, ndiyo maana mitaa imenyooka na mtoto anaweza kufika shuleni kwa miguu. Kutembea kwa miguu ndiyo faida kubwa kuliko zote, nitaeleza kwa nini. Ubaya wake ni bei, na baa. Kuna mitaa muziki hauzimwi hadi alfajiri (watu wa Sinza mtaninunia), kwa hiyo nenda ukaikague nyumba Jumamosi usiku.

Pili, Kibada huko Kigamboni, kwa anayenunua. Ni sehemu ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002: viwanja vimepimwa na barabara zinaeleweka. Pango la ardhi utalipa, lakini hutalala ukiwaza nani mwingine kauziwa. Shida ni maji katikati yako na mjini. Daraja la Nyerere lilifunguliwa 2016 na magari yanalipia kuvuka. Pantoni ya Magogoni ina foleni yake. Kama mtoto atasoma ng'ambo, itoe Kibada kwenye orodha.

Tatu, Kimara hadi Mbezi. Mabasi ya mwendokasi yanafika Kimara, na barabara ya Morogoro imepanuliwa. Lakini hata nyumba ikiwa nzuri, uliza kama haimo ndani ya hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kutoka Kimara hadi Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi huo, na alama nyekundu ya X haikujali nani alikuwa na watoto shuleni.

Mwisho, Chanika. Kiwanja cha bei rahisi, hilo siwezi kubisha. Ila nauli na muda vinakula nafuu yote.

Turudi kwenye miguu. Simama kituoni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, siku ya shule. Mwanafunzi analipa 200, mtu mzima analipa zaidi ya mara mbili, na konda anajua hesabu. "Wanafunzi wawili tu!" anapiga kelele, mlango umefunguka nusu, na watoto kumi wenye sare wanasukumana kugombea nafasi mbili. Nilimwona binti wa kama miaka minane akikosa gari tatu mfululizo, begi amelikumbatia mbele lisichanwe. Basi la shule binafsi linaondoa adha hiyo, ila bei yake iulize kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, kwa sababu kadiri unavyokaa mbali ndivyo inavyopanda.

Usajili wa darasa la kwanza shule za serikali huanza kama Oktoba. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na uende wiki ya kwanza.