Miaka sita ya kununua chakula Soko la Tengeru: uzoefu wangu

Nakaa Kimandolu, Arusha, na kwa miaka sita sasa mboga, ndizi na maharage ya nyumbani kwangu yanatoka Soko la Tengeru. Siku zake kubwa ni Jumatano na Jumamosi. Siku nyingine utakuta watu wanauza pia, ila hizo mbili ndizo wakulima wanashuka kutoka vijiji vya mlimani na mazao yao wenyewe. Mimi huenda Jumamosi, Jumatano niko kazini.

Kilichonipeleka mara ya kwanza ni mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Wifi yangu alijifungua akaja kukaa kwetu, na huku kwetu mzazi asiyepewa mtori hajatunzwa. Nilihangaika siku mbili kutafuta mshare, ndizi za kupikia mtori, mtaani. Nilizozipata zilikuwa zimeshaanza kuiva, na mtori wa ndizi za namna hiyo unakuwa na utamu utamu, mgonjwa wala mzima hamalizi kikombe. Jirani akaniambia nipande daladala ya Usa River nishuke Tengeru. Nilipofika eneo la ndizi nilisimama tu kwanza. Mshare, mzuzu, kisukari, zile za pombe ya mbege, mikungu imelazwa juu ya majani makavu ya mgomba mpaka pa kupita hapaonekani. Mama mmoja mtu mzima akanishika mkono akakigusisha kidole changu pale mkungu ulipokatwa. Utomvu ulikuwa bado unanata. "Huu nimeukata jana jioni, mwanangu. Kapike hata kesho kutwa, hautaiva." Nikaubeba. Wifi alikunywa mtori wiki nzima.

Tangu siku hiyo sijanunua tena ndizi za kupika mahali pengine.

Nikiulizwa soko hili lina nini ambacho genge la jirani halina, jibu langu la kwanza ni mnafu, ile mboga ya majani yenye uchungu kidogo. Mnafu hauna subira. Ukichumwa asubuhi, kufikia kesho yake mchana majani yamelegea, muuzaji anaurashia maji ili uonekane mzima, na ukiupika unabaki na uchungu mtupu. Mboga za majani hupoteza vitamini C kadiri zinavyokaa baada ya kuchumwa, na jua linaharakisha. Mnafu wa Tengeru nikiufikia saa moja asubuhi unakuwa na umande, ukivunja kijiti kinalia. Hata wanangu, ambao walikuwa wanausukuma pembeni ya sahani, sasa wanaula na ugali bila kuhimizwa. Sikubadilisha mapishi: kitunguu, nyanya, maziwa kidogo, basi.

Na hapa nina jambo linalonifurahisha sana kama mkazi wa Arusha. Mboga hizi zimefanyiwa kazi ya kitaalamu hapahapa. Nyanya aina ya Tanya na Tengeru 97, zenye ganda gumu linalovumilia safari, zilitoka kwenye utafiti wa kilimo cha bustani wa hapo Tengeru. Mnafu nao una mbegu zinazoitwa Nduruma na Olevolosi, majina ya maeneo yetu ya Arumeru. Mboga ambayo watu wa mjini walikuwa wakiiita chakula cha shida imekaa mikononi mwa watafiti, ikachaguliwa, ikarudishwa kwa wakulima ikiwa na majani mapana zaidi. Ninapoinunua najua ninachokula.

Jambo la pili ni kwamba unamuuliza aliyelima. Masika moja nilikuwa nachagua nyanya, nikaona nyingine zina vumbi jeupe karibu na kikonyo. Masika ni msimu wa ukungu na wakulima hupiga dawa mara kwa mara. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna. Nikamwamkia mama aliyekuwa akiziuza, nikamuuliza amepiga lini. Hakunificha. Akasogeza ndoo yangu upande wa pili wa turubai, akasema, "Hizo ni za jirani yangu, siwezi kukuapia. Chukua hizi za kwangu, nimemaliza wiki mbili sijagusa bomba." Angeweza kuniuzia zile zile nikaondoka sijui kitu. Nimekuwa mteja wake mpaka leo, na ndugu zangu watatu wananunua kwake kupitia mimi. Uliza swali kama hilo kwenye duka kubwa la mjini uone atakayekujibu ni nani.

Bei sitaandika hapa, maana ndoo ya nyanya ya Januari na ya Mei ni vitu viwili tofauti. Niseme tu kwamba nikitoa nauli ya kwenda na kurudi, bado nabakiwa na kitu, na kikapu kinakuwa kizito kuliko nikinunua mtaani kwa hela ileile. Halafu kuna nyongeza. Ukinunua mafungu matatu ya ngogwe (nyanya chungu) unaongezewa viganja viwili, ukinunua sado ya maharage, kile kopo la kupimia, yanarundikwa juu mpaka yanamwagika. Hujaomba. Ukiwa mteja wa siku nyingi hata unaona aibu.

Lakini si kila kitu ni kizuri, na ambaye hajawahi kwenda ajue. Mwaka jana nilinunua ndoo ya nyanya haraka haraka, mvua ilikuwa inakaribia. Juu zilikuwa zinang'aa. Nilipomimina nyumbani, theluthi ya chini ilikuwa imepondeka, nyingine zinatoa maji. Aliyeniuzia hakuwa mkulima, alikuwa amezinunua alfajiri kwa jumla akazipanga upya. Niliumia, kwa sababu hela ile ilikuwa ya wiki nzima. Siku hizi nauliza kwanza shamba liko kijiji gani na mvua imenyesha lini huko. Mkulima anakujibu kabla hujamaliza swali, tena anakueleza na mfereji umekaukaje. Na ndoo lazima nimimine kwenye kikapu mbele yake.

Wachuuzi siwachukii, wengi ni akina mama wanaolea kama mimi. Ila kama lengo lako ni hela yako imfikie aliyeshika jembe, inabidi ujue unampa nani.

Hiyo hela nimeifuatilia kwa macho. Mama wa mnafu nilimlipa noti ya elfu tano saa mbili asubuhi. Saa nne nikamkuta kwenye meza ya dagaa anatoa noti ileile, nilijua kwa kona iliyochanika. Muuza dagaa akamrudishia chenji, yeye akanunua sukari, sabuni ya mche, na daftari mbili za mjukuu. Yote humohumo sokoni. Mchana vijana wanapita kuzoa majani ya migomba na mabua yaliyotupwa, wanafunga kwenye bodaboda wanapeleka kwa ng'ombe wa ndani. Samadi ya ng'ombe hao inarudi kwenye migomba, na maziwa yao nayo yanauzwa palepale, yakiwa mabichi au mgando kwenye vibuyu na ndoo. Shambani, sokoni, zizini, shambani tena. Hakuna gari la jokofu wala ghala katikati.

Kwa anayetaka kuanza kwenda: fika kabla ya saa tatu kama unataka mboga za majani. Kama unatafuta bei, nenda saa kumi jioni, wakulima hawataki kupandisha mzigo mlimani na watakushushia, ila usikamue. Mtu aliyekaa juani tangu alfajiri usimbane kwa shilingi mia mbili. Beba kikapu chako na chenji ndogo ndogo. Masika vaa buti, udongo wa pale ukilowa unateleza vibaya, nimeona mtu akianguka na trei ya mayai.

Wiki iliyopita wifi alinipigia simu, anatarajia mtoto wa pili mwezi ujao. Nimeshaongea na yule mama wa ndizi. Amenionyesha kwa simu mkungu mmoja wa mshare nyuma ya jiko lake, bado unajaza, amefunga kitambaa chekundu kwenye mgomba ili watoto wake wasiukate.