1952 Vincent Black Lightning: ya Richard Thompson au ya Del McCoury? Nimezisikiliza zote

Mie mtu wa taarab, nyimbo za kizungu huwa nazipita tu, lakini hii ya pikipiki, 1952 Vincent Black Lightning, imenikamata vibaya. Richard Thompson, Muingereza, kaitoa 1991 kwenye albamu yake ya Rumor and Sigh, yeye na gitaa lake lisilo la umeme basi, hakuna ngoma, hakuna nini. Kisa chenyewe kijana anaitwa James, mwizi, anampakia Molly mwenye nywele nyekundu mpaka Box Hill, kilima huko Uingereza, anamwambia wazi kabisa hii Vincent, ndo pikipiki yenyewe, nimeipata kwa kuibia watu, anampa pete, halafu siku ya siku anapigwa risasi ya kifua akiwa kwenye wizi wake, na kabla hajakata roho anamuachia Molly pikipiki. Mahari hiyo yakhe, sijui kadhi angesemaje.

Nikamuwekea shemeji yangu, fundi pikipiki huko Amani, kingereza chake cha kuombea maji. Kakaa chini na kabureta ya Boxer mkononi, dakika haijesha ananiuliza "shemeji, huyo wa besi nani?" Namwambia hakuna wa besi, ndo huyo huyo, gumba linapiga nyuzi nene na vidole vingine vinacheza huku juu, akakataa katakata mpaka nilipomuonesha video, ndo kabureta ikawekwa chini. Siri moja ni kuwa Thompson anazilegeza nyuzi mbili nene zishuke chini ya kawaida, kwa hiyo linanguruma na mwendo haukatiki, unasikia kabisa kuna chombo kinakwenda.

Na chombo chenyewe si mchezo. Vincent ilikuwa ikitengenezwa Stevenage Uingereza, silinda mbili, cc 998 (bodaboda zetu hizi cc 150 na tunajiona!), na hizo Black Lightning, toleo lake la mashindano, zilitoka 30 na kidogo tu. Mwaka 1948 Mmarekani Rollie Free alilala kifudifudi juu ya Vincent na chupi ya kuogelea, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville huko Marekani, akapita maili 150 kwa saa. Shemeji alinibishia kitu kimoja tu, James kwenye wimbo anampa Molly funguo, na pikipiki ile ya mashindano, moto wake wa magneto, inajizalishia cheche wenyewe bila swichi ya funguo, sasa funguo za nini? Nikamwambia wimbo ule we fundi, muache mtu afe vizuri.

Sasa ya Del McCoury na wanawe, 2001, bluegrass, muziki wa kienyeji wa nyuzi wa Marekani, ina banjo, mandolini, fidla, na sauti ya mzee iko juu juu inakata kama wembe. Mwaka wa pili yake ikachukua tuzo ya wimbo bora wa bluegrass, na khasa kwa vyombo inastahiki, fidla ile mtu wa taarab lazima ageuze shingo. Tatizo langu ni kuwa Box Hill wameitoa wakatia Knoxville, mji wa Marekani. Thompson mwenyewe alishaeleza kuwa alikuwa anatafuta kitu cha Kiingereza chenye mvuto wake, maana Wamarekani nyimbo zao zimejaa mabarabara na miji yao, sasa Wamarekani nao wamekichukua hicho hicho wakakipeleka kwao lol. Mie si mtu wa kuchukia wimbo kurudiwa, Bi Kidude kaziimba za Siti binti Saad na hakuna aliyenuna, ila Kidude akiimba unaona kaukalia wimbo, hakai kuwasubiri wenzake wamalize zamu zao za kupiga. Hawa wanakwenda mbio mno, James anapigwa risasi na banjo inachekelea, askari wa kwenye wimbo anamfikia Molly na habari mbaya hata hujajiandaa.

Ipo na ya Mary Lou Lord, sauti ya kike laini, nzuri ukiwa umechoka, zaidi ya hapo sina la kusema.

Mwenye bando dogo atafute ya Thompson akiwa peke yake jukwaani, avae hedifoni, asiisikilize kwenye spika ya simu maana zile nyuzi nene zote zinapotea. Ya McCoury muiweke kwenye gari mkienda Nungwi, hapo hamtojuta.