Agroveti (duka la dawa za mifugo) ya Magomeni Mtwara, wamenifanya nisimtupe mbwa wetu Tomi

Nawapa nyota 4 kati ya 5, ile moja nimeibana na sababu nitasema huko chini.

Mimi ni kibarua wa maghala, nabeba magunia ya korosho. Kuanzia mwezi wa kumi hela ipo, minada inapigwa, malori yanapanga foleni, ila ikishafika Machi Aprili masika imekolea maghala matupu, hapo ata dagaa tunahesabiana. Sasa ndo katikati ya hiyo hali mbwa wetu Tomi akaanza kususa chakula, amelala tu, ukimgusa wa moto, masikioni kupe wamejipanga kama kunde. Mke wangu akasema baba fulani huyu mpeleke dampo au mpeleke shamba kwa kaka yako Naliendele huko atajijua, sisi wenyewe hatujala. Na hakusema kwa roho mbaya, ndo ukweli ulivyokuwa. Watoto wakalia usiku kucha.

Nilianzia duka jingine mjini, silitaji. Yule dada ata hakuuliza mbwa ana nini, kaniuzia chupa ya OTC, antibiotiki ya mifugo ya kuchoma, na sindano kachome mwenyewe, elfu nane yangu ya mwisho ikaondoka. Nimchome wapi? Mimi najua kubeba gunia. Ikabaki kabatini mpaka leo.

Jirani mmoja mfuga kuku ndo akanielekeza hapa. Duka lenyewe dogo, nje wamepanga magunia ya pumba na mashine ya chakula cha kuku, ndani kunanuka josho, ile dawa ya kuogeshea wanyama kuua kupe, usivae shati zuri. Anayeuza ndo mwenyewe, tunamwita dokta ila anakataa, anasema mimi bwana mifugo, nina diploma, upasuaji sigusi. Cheti cha Baraza la Veterinari kipo ukutani. Nikamsalimia, nikamwambia dokta sina hela nimekuja kuuliza tu. Hakunijibu habari ya hela. Akamfunua Tomi mdomo akabonyeza ufizi, mweupe kama karatasi, akaniuliza mkojo wake una rangi gani, nikasema kama chai ya rangi. Akasema hii ni homa ya kupe, damu inaliwa. Akamchoma sindano pale pale, akanipa na vidonge vya doksi (antibiotiki, doxycycline) vya wiki moja, akasema vingine uje kila Jumatatu, dawa hii ni mwezi mzima, nikikupa vyote leo utaacha akianza kula. Kanijua vipi huyu mtu.

Ndipo akatoa daftari. Jumla elfu ishirini na mbili, akaandika jina langu, akaniuliza unaweza kutoa shilingi ngapi kwa wiki bila watoto kulala njaa. Nikasema elfu moja. Akaandika elfu moja. Hakuna riba wala hakuna kushika simu ya mtu.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni maswali ya chakula. Akauliza nyumbani mnakula nini, nikasema ugali wa muhogo na mboga ya majani, samaki siku moja moja. Akasema basi mbwa ale huo huo ugali ila muhogo peke yake unajaza tumbo hauleti damu, nenda feri jioni wakishapaa samaki omba vichwa, chemsha mpaka vilainike, toa miba mikubwa, changanya. Kwa muuza kuku omba miguu na vichwa, uchemshe usimpe vibichi. Usinunue pumba za kuku ukampa mbwa, ni hela unatupa. Yaani duka linauza pumba alafu mwenyewe anakwambia usinunue!

Josho nalo anakupimia kwa bomba la sindano, huna haja ya kununua chupa nzima, na anakuandikia maji lita ngapi. Hapa sasa ndo nyota yangu moja imebaki. Ile josho alinitilia kwenye chupa ya maji ya kunywa bila kuandika juu ya chupa kuwa ni sumu, mwanangu wa miaka mitano karibu aiweke mdomoni. Nilirudi nimewaka kweli. Alinisikiliza, akaomba radhi, na wiki iliyofuata nilikuta amenunua plasta nyeupe anaandika SUMU kwa maka peni kila chupa. Vizuri, lakini ilitakiwa iwe hivyo tangu mwanzo, ukienda hakikisha imeandikwa. Na jamani josho ya mbwa usimpake paka, mama mmoja pale alikuwa anauliza dokta alimkatalia katakata. Panadol pia, paka usimpe ata robo, mwili wake hauwezi kuivunja, inamuua.

Alafu kuna mwenye nyumba. Mzee wetu ni mtu wa msikitini na alishanipa notisi ya mdomo, mbwa atoke au nitoke mimi. Bwana mifugo naye anaswali msikiti huo huo, akaja mwenyewe siku moja baada ya alasiri, shikamoo mzee, wakaongea. Sikuambiwa yote ila nilisikia akisema mbwa wa ulinzi hana tatizo mzee wangu, asiingie ndani tu, na akilamba chombo kioshwe mara saba moja kwa udongo. Mzee akasema hilo nalijua kabla hujazaliwa. Ila kilichomlainisha ni kadi ya chanjo. Alikuwa anaogopa kichaa cha mbwa, kumbe, sio najisi ya mate. Watu wa huku tunaikumbuka ile miaka ya 2010 mwanzoni mradi wa WHO ulipopita Lindi na Mtwara kuchanja mbwa, toka hapo mzee anajua chanjo ni kitu gani.

Chanjo yenyewe hapa wanafanya Jumamosi tu. Sababu kichupa kimoja kinatosha mbwa kumi na kikishafunguliwa hakilali, kwahiyo anaandikisha majina mkitimia kumi anakitoa kwenye koolboksi na barafu, kila mtu elfu tatu. Mkiwa saba anasubirisha mpaka Jumamosi nyingine, hii inakera kama umetoka Mikindani na nauli umelipa, piga simu kwanza. Kama huna ata hiyo elfu tatu anakwambia usubiri tarehe 28 mwezi wa tisa siku ya kichaa cha mbwa, halmashauri mara nyingi wanachanja bure, lakini kwa mbwa anayezurura hashauri kusubiri. Alisema mtu aking'atwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 ndo akimbie hospitali ya Ligula, na sindano za binadamu bei yake ukilinganisha na elfu tatu utacheka.

Kasoro nyingine ndogo ndogo: Ijumaa anafunga saa sita bila kibao, kijana anayemsaidia hajui bei anakwambia subiri bosi, na mbwa mwenye ugonjwa wa kupasuliwa hapa si mahali pake.

Tomi amemaliza doksi, ufizi umekuwa mwekundu, juzi kamfukuza mwizi wa kuku wa jirani mpaka barabarani. Deni limebaki elfu tisa. Ukienda Jumamosi beba kamba yako mwenyewe, mimi nilienda na kitenge cha mke wangu, mbwa wa watu wakavamiana pale nje, kitenge kikachanika na mzani wa pumba ukaanguka, na kitenge nacho sasa ni deni.